Kwa Mtani Wangu Bakari, Aliyeijua Ngozi ya Guruguru

Mtani wangu Bakari,

Nakutolea salamu ile tunayowatolea watu wa makaburini, maana siku hizi huko ndiko kwenu, na sisi inshallah tutafuata. Baada ya salamu, huku tuliko tu wazima wa mwili. Nimeketi kwenye kigoda mlangoni, nimeshaswali alasiri, daftari nimeliweka gotini. Kurasa hizi nimeziomba kwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Akaniuliza, "Ndugu Issa, unamwandikia nani?" Nikamwambia namwandikia mtani wangu. Akauliza anakaa wapi. Nikamjibu, kule kijiji cha zamani. Sikusema uongo, ila ukweli wote sikuutoa, na tabia hiyo hiyo ndiyo iliyonifikisha kushika kalamu leo. Nitakueleza, usinikimbize.

Kwanza habari. Tulikuzika mikorosho ikitoa maua. Korosho zilipokwisha kuokotwa tukaambiwa tuhame, kila mtu, mzima na mgonjwa, tuje kukaa pamoja kijiji kipya, kando ya barabara ya kwenda Nyangamara. Tukaja. Nyumba zimepangwa mstari, ukisimama ya kwanza unaiona ya mwisho. Shule ipo, zahanati inajengwa, kisima kina maji ya chumvichumvi lakini ni maji. Sisemi pabaya. Watu wametoka vitongoji vingi, na kila mmoja anamwita mwenzake ndugu. Jirani yangu wa kulia simjui asili yake, wa kushoto simjui, na wote wananiheshimu mno. Asubuhi shikamoo, jioni shikamoo, mzee Issa pole na kazi, mzee Issa karibu chai.

Bakari, tangu ufe hajanitukana mtu.

Juzi nilikwenda msikitini kanzu nimeivaa ndani nje, mishono yote nje, nikaswali nayo, nikarudi nayo. Hakuna aliyesema neno. Wote waliona, wakanistahi. Ungekuwepo ungeniacha hata nifike mlangoni? Ungepiga kelele kutoka shambani, "Mtani, leo umejichuna mwenyewe?" Nilivua kanzu ile chumbani, nikakaa nayo mapajani kitambo kirefu.

Nakumbuka zaidi ile habari ya guruguru. Wewe ulikuwa fundi ngoma, mimi kazi yangu kukushikia mguu wa kenge ukichuna. Ngozi ya kenge tuliizoea: nyembamba, inavutika, ukiiwamba ikakauka inaitika hata ukiigusa kwa kucha. Mpaka siku ile kwenye majabali nyuma ya shamba lako tulipomwona guruguru, yule mjusi mnene wa rangi ya udongo, magamba yamepangwa mistari kama mtu kayashona. Alipotuona akaingia kwenye ufa wa mwamba, akavuta pumzi, akavimba, akakwama humo kama kabari. Nikataka kumvuta. Ukanizuia mkono.

"Usivute mkia, mtani. Utabaki na mkia, mwenyewe yuko ndani anakucheka."

Tukamfukiza moshi hata akatoka. Ulipoanza kumchuna, kisu kikalia, kria, kria, kama kinakwaruza vigae. Ukasimama. Ukapapasa. Chini ya kila gamba la mgongoni kulikuwa na kifupa, kidogo, bapa, kimekaa ndani ya ngozi yenyewe. Mjusi mzima kavaa mifupa nje na ndani. Ukaniangalia kwa macho yale ya mtu aliyepata kitu, ukasema, "Ngoma ikivaa ngozi hii, mtani, itatuzika sote."

Ukaiwamba. Hakuna mtu mwingine duniani angefanya kosa lile, ni sisi tu tuliozoea kwamba mjusi ni ngozi ya ngoma. Ukaiwamba kwa vigingi vya miti pande zote, ikakauka, ukaibeba hadi kwenye harusi ya mtoto wa shangazi yako. Wanawake wamejipanga, vigelegele viko midomoni, ukapiga. Du. Kama mtu kapiga gunia la unga wa muhogo. Ukapiga tena. Du. Mama mmoja akauliza kwa upole kabisa, "Fundi, tulete na muhogo utwange?" Nilicheka hata nikalala chini na nguo yangu nyeupe. Msimu mzima nikakuita Fundi Jiwe.

Mwenzangu, mtu mwingine angeitupa ngozi ile. Wewe hukuitupa. Uliikata vipande ukaanza kuiuliza maswali, na mimi nilikaa pembeni nikikukejeli. Ulichukua shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, ukaisukuma katikati ya gamba. Haikupita. Ukaigonga na jiwe, ikapinda. Ukaihamisha nukta moja tu, kwenye kiungo kati ya gamba na gamba, ikapita kama kwenye kitambaa. Ukaloweka kipande kwenye maji ya magome ya mkoko siku tatu. Ngozi ikalainika, vifupa vikabaki vile vile, na kipande kizima kikakunjika kufuata mkono wako. Ukakikunja magamba yakiwa nje, kikakubali. Ukakigeuza magamba yakiwa ndani, kikafika mahali kikakataa, vifupa vimesukumana kama watu mlangoni.

Ukachemsha kipande kingine hata vifupa vikadondoka chunguni. Ukakiweka kimoja juu ya chuma ukakipasua. Juu kigumu kama jino. Katikati kina vitundu vidogo vidogo, kama mkate wa kumimina. Ukanipa nishike.

"Hapa katikati ndipo kipigo kinapopotelea," ulisema. "Na tazama hiki cha jirani yake. Mwenzake kavunjika, yeye mzima. Chungu kikipata ufa, ufa unatembea hata chungu kinagawanyika. Huku ufa unafia mpakani."

Nikakujibu, "Fundi Jiwe sasa anasomesha wajusi." Mungu anisamehe. Ulikuwa unanifundisha, nami nilikuwa natafuta pa kuchekea.

Ukanionyesha na ubavu. Kuanzia shingoni hadi nyongani kuna mkunjo wa ngozi laini, hauna kifupa hata kimoja. Ukaweka kidole humo ndani. "Hapa ndipo anapopumulia. Angevaa mifupa mwili mzima, angekufa kwa shibe ya kwanza." Ukasema subhanallah, na hapo mimi pia nikasema, sikukejeli. Nakumbuka kwa sababu ilikuwa mara moja tu.

Mwisho ndipo ukatengeneza ile kinga ya kiganja tuliyoiita kivaa. Wewe na mimi tulikuwa tukishona midomo ya magunia ya korosho kwenye ghala la ushirika, na kitako cha shazia kilikuwa kinatutoboa viganja hata tukashindwa kushika tonge. Ukakata ngozi ya guruguru, ukaivika kiganjani, kamba ikapita mgongoni mwa mkono. Magamba yana vijifereji juu, kitako cha sindano kinatulia humo, husukumi kwa nyama, unasukuma kwa mfupa wa mjusi. Mimi mwenye mashaka nikamwendea mwalimu wa chuo cha Kurani kumuuliza kama inafaa. Akasema ngozi ikishatengenezwa inatoharika, ila kuswalia nivue, ili moyo utulie. Ukaniambia, "Guruguru umeshamwombea fatwa, bado yule kenge wa jana anasubiri yake." Tulishona misimu mitatu na vivaa vile. Kiganja changu kikapona. Kunga yake sikukuuliza hata siku moja. Nilijua upo.

Kisha kifua chako kikaanza.

Wiki ya mwisho nilikuja kila siku baada ya adhuhuri. Dada yako Zainabu alikuwa akikuinua, akikupa uji kwa kijiko, nami naketi kwenye ukingo wa kitanda kama mgeni wa serikali. Nilikuwa naona mbavu zako zikipanda na kushuka. Siku moja ukafungua macho ukasema, "Mtani, leo pia hunitukani? Basi nimeshakufa, ila hawajaniambia." Nikatabasamu tu. Ukasema, "Haya, akiba hiyo. Utanitukana kaburini." Nikasema inshallah. Nilitamka inshallah kwa ulimi wangu, Bakari.

Unajua desturi yetu. Ukoo wako na wangu ni watani tangu mababu. Mtu wenu akifa, sisi ndio tunaoingia kaburini kwanza kulipima, tunalala humo tukisema marehemu mnene hatoshi, tunaiga kikohozi chake, tunaiga alivyokuwa akikataa kugawa ugoro, hatutoki hadi tupewe jogoo. Wafiwa wanacheka huku wanalia, na wakishacheka ndipo wanaweza kula. Baba yangu alimfanyia baba yako. Na zamu yangu ilikuwa kwako.

Tulifika. Kaburi limechimbwa, udongo bado mbichi, watu wamezunguka. Zainabu na wanawake wamebaki nyumbani, lakini nyumba si mbali na makaburi, wanasikia kila kitu, wanangoja wasikie kicheko. Mjomba wako akaniita, "Mtani, shuka." Nikatazama lile shimo. Nikashika mti uliokuwa karibu. Watu wakangoja. Wakasema tena, "Issa, shuka basi, jua linakwenda." Nikasikia sauti yangu ikisema, kubwa, ya mtu wa mimbari, "Dini hairuhusu upuuzi makaburini."

Mwalimu wa chuo akaitikia kwa kichwa. Mtu mmoja akasema, "Kweli, Issa ana imani." Wakakuzika bila kucheka. Nami nikarudi nikisifiwa njia nzima.

Haikuwa dini, Bakari. Pengine wapo wanaojua vitabu wanaoweza kusema utani ule haufai, nami sitashindana nao. Lakini siku ile mimi sikuwaza kitabu. Niliogopa kwamba nikilala mahali utakapolala sitaweza kuamka, nitalia kama mtoto mbele ya watu wazima. Nikaitanguliza dini mbele ya uoga wangu. Nimetubu kwa Mwenyezi Mungu kwa kumsingizia, usiku na mchana nimetubu. Lakini kwa watu sikusema. Mwaka mzima sikusema.

Na dada yako tangu siku ile akaacha kuniita mtani. Akinikuta kisimani, "Asalaam alaykum, mzee Issa," basi, ndoo kichwani, huyo. Nyumba yake ni ya nne kutoka kwangu. Nyumba nne tu, lakini afadhali wangempeleka kisiwa cha Songo Songo ningejua ni bahari.

Sasa msimu huu wa korosho kijiji kimepanga zamu za ghalani, na Zainabu akaangukia kwenye kushona magunia. Siku ya tatu akaja kwangu, kiganja amekifunga kitambaa, damu imepenya. Akasimama nje ya kivuli cha paa. Akasema, "Mzee Issa, kile kivaa cha ndugu yangu kiko wapi?"

Chako kilipotea siku ya kuhama, kwenye lile lori. Changu kiliisha kwa panya. Lakini nilikuwa na kipande cha ngozi ulichokitengeneza mwenyewe, nimekihifadhi sandukuni pamoja na msahafu wa baba. Nikamwambia nitamtengenezea. Nikaloweka, nikakata, nikatoboa matundu ya kamba. Bakari, nilifurahi siku ile kama mtu anayejenga nyumba. Nikampelekea. Akavaa, akasema ahsante, mzee Issa, akaenda zake.

Siku ya pili alasiri akarudi anatembea mbiombio. Hakubisha hodi. Akanitupia kile kivaa mapajani, akafungua kiganja mbele ya uso wangu. Shazia ilikuwa imeingia pale pale kwenye kidonda cha kwanza, ndani zaidi.

"Umeniezekea mkono kinyume!" alisema.

Sikumwelewa. Akakichukua kile kivaa, akanishika kidole changu kama mwalimu anavyomshika mtoto, akakipitisha juu ya ngozi. Kutoka upande mmoja kidole kiliteleza. Kutoka upande wa pili ukucha ukaingia chini ya ukingo wa gamba, moja kwa moja kwenye kiungo. Magamba ya guruguru yamelaliana kuelekea mkiani, kama makuti juu ya paa. Sindano ikisukumwa, kitako chake kinarudi kuelekea kifundo cha mkono. Kwa hiyo upande wa kichwa lazima ukae vidoleni na upande wa mkia kifundoni, ili kitako kipite juu ya magamba kisipate mlango. Mimi nilikuwa nimegeuza. Kila aliposukuma, sindano ilikuwa ikijifungulia ukingo na kuingia mahali pasipo na mfupa.

"Bakari alinieleza haya jikoni, napepeta mchele," akasema. "Mimi mwanamke, nisiyekwenda majabalini. Na wewe uliyezurura naye miaka yote hiyo, uliokota nini huko? Kupe? Mtani gani wewe, guruguru mwenyewe angekushona vizuri zaidi!"

Mtani. Aliniita mtani, na akanitukana, na sauti yake ilikuwa ya kwenu, ile ya puani. Nikaanza kucheka. Nikacheka kama siku ya harusi, halafu sijui ni wapi kicheko kilipogeuka, nikajikuta nalia, mtu mzima, kigoda kimeanguka, mbele ya barabara na mstari mzima wa nyumba. Wale majirani wanaonistahi wote waliona. Zainabu akasimama na kiganja chake kinachovuja. Hapo ndipo nikamwambia. Yote. Shimo, mti, na ile sauti ya mimbari.

Hakushangaa. Alikaa chini kwenye udongo, akafunga kitambaa chake upya kwa meno.

"Mjomba alisema ulishika mti," akasema. "Nilijua tangu siku ile. Kunyamaza kwako nilikusamehe kabla hatujaanua matanga. Kilichonichoma ni kwamba ulisema dini. Sisi tuliokuwa tunangoja kicheko tukaonekana makafiri kwenye msiba wetu wenyewe. Mwaka mzima naswali nikijiuliza watu wananionaje."

Hilo sikulijua, Bakari. Nilidhani nimekukosea wewe peke yako na Mola wangu. Kumbe nilimwachia dada yako aibu yangu aibebe, naye aliibeba pamoja na ndoo, akipita mbele ya mlango wangu kila asubuhi.

Nikamwomba radhi. Akasema, "Mimi nimesikia. Lakini uliposema walikuwepo watu. Na marehemu mwenyewe alikuwepo."

Ndiyo maana nakuandikia. Nilitengeneza kivaa kingine kwa kile kipande kilichobaki, kichwa vidoleni, mkia kifundoni, nikajaribu kwanza mkononi mwangu gunia zima. Ameshona wiki hii yote, kidonda kinafunga. Jana kaniletea salamu kwa jirani, kwamba kamba ya kivaa changu imeshonwa na mtu aliyelala. Jirani alinifikishia kwa aibu, anadhani tumegombana.

Na Ijumaa iliyopita, baada ya swala, nilisimama. Wengi wa kitongoji chetu cha zamani walikuwepo, na mwalimu wa chuo pia. Nikawaambia kwamba siku tulipomzika Bakari sikuzuiwa na dini, nilizuiwa na majonzi, nikadanganya, na kwamba watu wa nyumba ile walikuwa wakingoja haki yao nami nikaifanya ionekane aibu. Nilisema hivyo tu, nikakaa. Safari hii sikushika mti wala nguzo. Mwalimu alikaa akitazama mkeka. Kisha akasema, "Allah akupokelee, Issa." Hakunisifu, na nilishukuru kwa hilo.

Mtani wangu, jua linashuka, natakiwa nikachote maji ya udhu. Nakuaga hapa. Upweke haujaisha, nisikudanganye na wewe. Zainabu mmoja na matusi yake hawezi kuziba pengo la mwanamume aliyekuwa akinisubiri njiani kila siku na neno baya. Bado kuna asubuhi naamka nina kejeli nzuri mdomoni, na sina wa kumpelekea.

Lakini nakuahidi. Korosho zikishaingia ghalani zote, mimi na Zainabu na mjomba wako na watakaoweza kutembea tutarudi kule kufyeka kaburi lako na kukusomea hitima. Tukimaliza kusoma nitalala kando yako ubavu kwa ubavu, na sitainuka hadi waniletee jogoo, na asiwe mwembamba. Nitaiga kikohozi chako. Nikilia, nitalia huku naiga.

Mwenyezi Mungu akusamehe, akutilie nuru, akupanulie kaburi lako. Alipanue hasa upande wa chini, kwa ile miguu yako ya bata, maana niliitazama wakati wanakushusha, na kwa kweli, mtani, sidhani kama iliingia yote.

Hapo nimeanza tu.

Mtani wako,
Issa